USHAURI: Volteji ya prosesa iko Auto lakini inapanda hadi 1.46, nibadilishe bodi mama?

StudioKatuba
Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, kazi yangu ni kukata video za harusi na za dote (sherehe ya mahari). Natumia kompyuta ya mezani, prosesa Ryzen 7 5800X, RAM 32. Siku hizi nikianza kutoa video ndefu (kuigeuza faili ya mwisho ya mteja), inafika katikati inazimika pa, bila hata kutoa ujumbe. Nimeingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya bodi mama), nimekuta volteji ya prosesa imeandikwa Auto. Nikafungua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, inasoma volti 1.46. Rafiki mmoja anasema hiyo ni nyingi mno, itaunguza prosesa. Muuzaji wa vifaa naye anasema bodi mama imekufa nusu, Auto yake haijui tena kupima. Sasa niiache Auto, niandike namba kwa mkono, au nibadilishe bodi? Mimi sijagusa kitu. Jumamosi natakiwa kukabidhi video ya watu na usingizi sina.

Papa_BelAir
Pole mwanangu. Mimi naona shida iko kwenye kuran tu, umeme wa ukutani. Umeme ukirudi baada ya delestaji (mgao wa umeme) unarudi kwa nguvu ambayo haina adabu. Mimi friji na televisheni vilikufa usiku mmoja, na mke wangu alikuwa amejaza samaki wa sikukuu mle ndani. Tulipika usiku huo huo, majirani wakaja kula kwetu. Nunua stabilizateri (kituliza umeme) kwanza, hayo ya BIOS yatafuata. Vijana mnapenda kufungua vitu ndani wakati ugonjwa uko ukutani.

Mwana_Kenya
Volti 1.46 hapo unapika bukari (ugali) bila makaa. Leta picha ya skrini bwana, maneno matupu hayatibu kompyuta.

Fundi_Kamalondo
Papa, heshima yako. Stabilizateri ni kitu cha maana na kila nyumba hapa ingefaa iwe nayo. Ila volteji anayoulizia si ile ya ukutani. Alimentasio, lile boksi linalopokea waya, inaingiza 220 na kutoa 12. Kisha koili na transista zilizopangwa kando ya soketi zinaishusha hiyo 12 mpaka volti moja na kitu. Hiyo ya mwisho ndiyo anayoisoma.

StudioKatuba, kwenye Ryzen kuona 1.4 na zaidi si jambo la kushtua. Prosesa yenyewe ndiyo inayoomba volteji, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na bodi inatii. Hiyo ndiyo maana ya Auto. Kazi ikiwa nyepesi, kiini kimoja au viwili (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu) vinakimbia hadi 4.7 GHz, volteji inapanda, lakini mkondo unaopita ni mdogo. Kazi ikiwa nzito kwenye viini vyote 8, prosesa inajishusha yenyewe. Kwa hiyo 1.46 peke yake bado haijasema kitu. Uliisoma wakati gani, kompyuta ikiwa imetulia au ikiwa inatoa video? Na soma mstari ulioandikwa SVI2 TFN, huo ndio wa kuaminika kuliko ule wa kihisio cha bodi.

Yaya_Ruashi
Hii ni ile habari ya 2024, mbona mnazunguka? Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinajidai volteji kubwa kupita kiasi. Intel yenyewe ilikiri, Agosti ikatoa maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 inayozuia maombi yasipite 1.55, na dhamana ikaongezwa miaka 2. Prosesa iliyokwisha kuumia haiponi kwa BIOS mpya. Mdogo wangu, sasisha BIOS leo leo, usingoje Jumamosi.

Fundi_Kamalondo
Yaya, yote uliyosema ni kweli, na mwenye prosesa ya kizazi hicho asikie. Lakini huyu ana 5800X, ya AMD, iliyotoka 2020. Dawa ya jirani hiyo. Na asisasishe BIOS leo: umeme ukikatika katikati ya kuandika, bodi nzima inaweza isiwake tena. Kazi hiyo ifanywe onduleri (betri ya akiba) ikiwa imejaa, bila presha ya mteja.

StudioKatuba
Aksanti sana. Picha hizi mbili. Ya kwanza kompyuta imetulia, SVI2 TFN 1.456. Ya pili inatoa video, 1.450, joto limefika 97, kisha ikazimika.

Fundi_Kamalondo
Angalia vizuri picha yako ya kwanza. Viini vyote 8 vimesimama kwenye kasi ya 4650 MHz, hakuna kinachosogea, na hujafungua programu yoyote. Ryzen iliyoachwa ijiendeshe haikai hivyo; namba zingekuwa zinapanda na kushuka kila ukitazama. Nani ameandika 46.5 kwenye kizidisho, ile namba inayozidishwa kwa 100 kupata kasi?

StudioKatuba
Volteji iko Auto, nimesema tangu mwanzo.

Fundi_Kamalondo
Sijauliza volteji, ndugu.

StudioKatuba
Sawa. Kuna mdogo wangu anasoma informatiki, aliniongezea kasi kabla ya msimu wa harusi. Lakini volteji hakuigusa kabisa! Aliiacha Auto makusudi ili iwe salama. Na wakati huo ilifanya kazi vizuri, tulipata nafuu kwenye video ndefu, ndiyo maana sikuona sababu ya kulitaja. Kurudi nyuma sasa hivi siwezi, kazi imejaa. Halafu bodi nyingine nimeshaitolea avansi (malipo ya awali) ya dola 60, muuzaji ameniwekea. Ninachotaka kujua ni kama bodi mpya itakuwa na Auto nzuri kuliko hii.

Fundi_Kamalondo
Basi tumefika penyewe. Nisome polepole.

Auto ikiwa pamoja na kasi ya kiwandani, prosesa ndiyo inayoamua. Inajua joto lake, inajua mkondo, na ina mpaka wa wati ambao haiuvuki: kwa 5800X ni 142. Ukiandika kizidisho kwa mkono, ule ulinzi wa kujishusha unaondoka. Sasa Auto inakuwa ni makisio ya bodi: "mwenye kompyuta anataka 4650 kwa viini vyote, nitie volteji kiasi gani isianguke?" Bodi haijui kama prosesa yako ni imara au dhaifu, kwa hiyo nyingi zinatia za kutosha hata iliyo dhaifu kuliko zote. Mdogo wako aliona neno Auto akadhani ni neno moja. Hapo ni mambo mawili tofauti.

Na volteji haipandi peke yake. Joto linakwenda na mraba wa volteji. Toka 1.27, ambayo ni ya kawaida kwa kazi nzito, hadi 1.46, ni kama theluthi moja ya joto juu, kabla hujahesabu ile kasi yenyewe. Mwezi wa sita hapa kuna baridi, ilivumilia. Sasa ni Oktoba, chumba kinawaka. Haijaharibika bodi. Bodi mpya ukiiwekea 46.5 na Auto, inaweza kukufanyia yale yale, na dola zako zitakuwa zimekwenda.

Rudisha BIOS yote kwenye mipangilio ya kiwandani. Ukimaliza, washa tena profaili ya RAM (mpangilio wa kasi yake), maana nayo itakuwa imerudi chini. Usiandike namba yoyote ya volteji.

Mama_Dote
Mimi sijui mambo ya kizidisho, ila nimesoma na moyo umeniuma. Video ya dote ya binti yangu tuliingoja mpaka mtoto wake wa kwanza akatembea. Kila tukipiga simu, "mama, mashine inasumbua". Bibi yake alitaka kujiona akicheza, akafariki bila kuiona. Wewe kijana, mashine ya kazi si ya kujaribia mbio. Picha za watu ziko wapi sasa hivi? Ziko humo ndani ya kompyuta inayozimika?

StudioKatuba
Mama, faili zote ziko pia kwenye diski ya nje, kila usiku nanakili. Pole sana kwa bibi.

Mwana_Kenya
Mimi naomba kuuliza kwa uwazi. Mwanzo "sijagusa kitu". Kisha mdogo mtu amegusa. Kisha kuna muuzaji na avansi. Picha zote mbili zimekatwa chini, saa na tarehe ya kompyuta havionekani. Tangu lini muuzaji anasema "Auto haijui kupima"? Mimi naona huyu ndiye muuzaji mwenyewe, anataka tuandike hapa kwamba bodi imekufa, akawaonyeshe wateja wake.

Yaya_Ruashi
Hata mimi nilijiuliza. Na kwa kawaida anayeomba msaada anajibu haraka, huyu anajibu anachotaka.

Papa_BelAir
Mnamhukumu mtoto wa watu. Kuficha si kutunga. Mimi nilipounguza friji nilimwambia mke wangu ni umeme, kumbe waya niliuunga mwenyewe.

Fundi_Kamalondo
Kama ametunga, ametunga vizuri, maana 1.456 na 4650 na 97 vinakubaliana. Lakini swali la Mwana_Kenya ni la haki. StudioKatuba, andika jina lako la hapa kwenye karatasi, iweke juu ya kompyuta iliyofunguliwa ubavu, upige picha.

StudioKatuba
Hii hapa. Nimekasirika lakini nimepiga. Mimi si muuzaji, ninaishi kwa kamera na kompyuta hii.

Mwana_Kenya
Nimeona. Ninaondoa neno langu, ndugu, samahani. Lakini jamani, mmeona vumbi hilo?

Fundi_Kamalondo
Nimeliona. Vumbi jekundu limejaa kati ya mapezi ya kipoza joto mpaka huoni upande wa pili. Upande ambao feni inavutia hewa limeganda, lina nywele na nyuzi za zulia. Hewa haipiti hapo. Sasa jumlisha: volteji ya makisio, Oktoba, na kipoza joto kilichozibwa.

Papa_BelAir
Hapa na mimi nina la kusema, nimefanya kazi na mashine miaka mingi. Usipulize kwa mdomo, utatia mate. Ipeleke kwa watu wa matairi wenye kompresa, lakini simama mbali kidogo na shika feni kwa kidole isizunguke, la sivyo hewa itaizungusha mno ivunjike. Na zima, chomoa waya wote kwanza.

StudioKatuba
Nimefanya yote mawili. Kompresa imetoa vumbi watu wamekohoa. BIOS imerudi ya kiwandani, RAM nimeiwasha tena 3200. Video ya Jumamosi inatoka sasa hivi, imeshapita pale ilipokuwa inazimikia. Viini viko 4.4 na kitu, vinacheza cheza, volteji 1.27, joto 79. Inachelewa kidogo kuliko ile ya mdogo wangu, dakika chache. Mdogo wangu anasema bado ningeandika namba mwenyewe.

Fundi_Kamalondo
Akitaka kucheza, acheze baada ya Jumamosi, na acheze kwa kushusha. Kuna Eco Mode, inaibana prosesa kwenye wati 88, kasi inapungua kidogo na joto linashuka sana. Kwa kazi ya Oktoba mimi ningeichagua hiyo. Na ikiwa siku moja itazimika tena ikiwa kwenye mipangilio hii ya kiwandani na kipoza joto kiko safi, njoo useme, maana hapo itabidi tupime kama ile 1.46 imeshaiumiza prosesa. Prosesa iliyolishwa volteji kubwa kwenye kazi nzito huanza kudai volteji zaidi kwa kasi ile ile.

StudioKatuba
Muuzaji amekataa kurudisha zile dola 60. Anasema nichukue kitu kingine dukani cha bei hiyo.

Fundi_Kamalondo
Chukua kipoza joto cha mnara chenye mabomba ya shaba, na pasta ya joto. Hakikisha kina vyuma vya kufungia AM4 (aina ya soketi ya prosesa yako) kabla hujatoka dukani.

StudioKatuba
Nitavijuaje?

Fundi_Kamalondo
Huandikwa kwenye boksi. Kikiwa hakina boksi, piga picha ya vile vyuma, uilete hapa kabla hujakibeba.