Mnatuuzia njia za baiskeli ambazo hamjawahi kuzipita. Nusura tupoteze mtu Kijabe!

Wadau wa baiskeli hapa Nairobi, nimenyamaza vya kutosha. Kuna tabia imeingia mjini. Mtu anafungua ukurasa, anaweka picha za mabonde na ukungu, kisha anakuuzia safari ya changarawe ya Jumamosi, yaani ya baiskeli kwenye njia zisizo na lami, kwa maelfu ya shilingi. Ukimuuliza ni nani aliyeipita njia hiyo na aliipita lini, hana jibu. Njia imechorwa mezani, mtu akifuata vistari vyeupe kwenye picha za setilaiti. Halafu sisi ndio tunatumwa kwenda kuijaribu, kwa hela zetu wenyewe na kwa mifupa yetu.

Jina la kampuni silitaji, sitaki uzi ufungwe kabla watu hawajausoma. Waliokuwepo wanaijua.

Njia yenyewe ilikuwa hivi: tunaanzia Limuru, tunapita katikati ya chai hadi Uplands, tunaingia upande wa Kinale na msitu wa Kereita, kisha tunashuka ukingo wa Bonde la Ufa kupitia msitu wa Kijabe hadi Mai Mahiu. Ukiisoma tu unatamani kupanda baiskeli saa hiyo hiyo. Kinale iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake wanaijua wote waliowahi kusimama pale barabarani kununua kabichi na karoti. Ukitoka hapo ardhi inakatika ghafla, unaona bonde lote limelala chini, mlima Longonot umesimama peke yake, mlima Suswa kule mbali kushoto. Msitu wa Kijabe una mierezi na mizeituni ya mwituni, una mbega, na siku ya jua ni moja kati ya sehemu nzuri kabisa mtu wa Nairobi anaweza kufika kwa miguu yake mwenyewe na kurudi jioni. Hilo silipingi. Naipenda sehemu ile, na ndiyo maana nimekasirika hivi.

Sasa, hawa watu waliipanga mwezi wa Aprili. Masika! Mtu anayeishi Nairobi, anayefungua dirisha na kuona mvua, anauza mteremko wa Kijabe mwezi wa Aprili. Tangazo lao lilisema "changarawe pana, nzuri, tairi la upana wa milimita 35 linatosha". Changarawe iliisha mapema sana. Baada ya hapo ni udongo mwekundu wa Limuru, ambao ukilowa unateleza kama sabuni, na ndani ya msitu ni mitaro iliyochimbwa na matairi ya malori na trekta za kubebea magogo. Tairi la milimita 35 pale halina kazi. Njia ile hata kiangazi inataka tairi pana lenye meno, na fremu yenye nafasi ya kupitisha tope.

Kwa wasiojua tope la msituni linafanya nini, ngoja niwaeleze. Udongo unaganda kwenye tairi, unaokota majani ya misonobari na vijiti, unapanda nao hadi kwenye uma wa mbele na kule nyuma karibu na pedali. Unakuwa tofali. Gurudumu linakataa kuzunguka kabisa. Unashuka, unatafuta kijiti, unachokoa, unasukuma hatua chache, limejaa tena. Ukilazimisha kukanyaga pedali, cheni inavuta ule mkono wa gia wa nyuma unaingia kwenye spoki. Jamaa mmoja kwetu ilimtokea. Kile kidude cha alumini kinachoshikilia mkono wa gia kwenye fremu kikakatika vipande viwili. Kila fremu ina chake, hakiazimwi, na mtu anayepeleka watu msituni anapaswa kuwaambia mapema kila mmoja abebe cha akiba. Hatukuambiwa. Kiongozi wetu alikuwa na pampu moja na tyubu moja kwa kundi zima. Tyubu moja!

Na hayo bado tulikuwa tambarare. Mteremko haujaanza.

Breki za diski ni nzuri kwenye mvua, lakini pedi zake zinaliwa. Maji yakichanganyika na mchanga laini yanazisaga, na seti mpya ya pedi laini inaweza kuisha siku moja ya tope kwenye mteremko mrefu. Anayejua kazi hii anakagua pedi za kila mtu asubuhi kabla ya kuondoka. Anawauliza wateja kama zao ni za aina ngumu ya chuma, na anabeba za akiba. Kulikuwa na dada mmoja amekuja kwa mara yake ya kwanza, ameazima baiskeli. Tulisikia breki zake kabla hatujamwona, chuma kwa chuma, mlio ule unaokata masikio. Alijaribu kuburuza miguu. Kwenye kona moja mvua ilikuwa imekata mtaro kukatiza njia, gurudumu la mbele likaingia, na yeye akaruka juu ya usukani. Mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, ulivunjika. Ulionekana kabisa chini ya jezi, umeinuka.

Simu hazikushika. Gari la msaada, lile waliloliandika kwa herufi kubwa kwenye tangazo, lilikuwa limeegeshwa Mai Mahiu kwenye lami, kwa sababu dereva aliambiwa atusubiri huko. Gari lile halingeweza kupanda kule hata likitaka, na yeyote aliyewahi kuiona njia angelijua hilo. Kiongozi akabaki anazungusha simu hewani.

Waliotusaidia ni akina mama waliokuwa wanatoka kuokota kuni. Mmoja alitua mzigo wake, akavua leso yake, akaukunja mkono wa yule dada kifuani na kuufunga vizuri kuliko ambavyo sisi sote tungeweza. Mzee mmoja aliyekuwa nao akatutazama na baiskeli zetu akasema, "Vijana wangu, siku kama ya leo hata ng'ombe hatushushi hapa." Akatuonyesha njia nyingine, ya pembeni, ndefu zaidi lakini yenye mawe, haitelezi. Wenyeji wote wanaijua. Ingehitaji mtu kuuliza tu! Kijana wa bodaboda akapanda kutoka chini akamchukua majeruhi. Tulimlipa kwa michango yetu. Hospitali akalipa mwenyewe.

Kuna jambo lingine la Aprili ambalo halitoki akilini mwangu. Mwaka 2024, mwishoni mwa mwezi huo huo wa Aprili, maji yaliteremka kutoka upande wa Old Kijabe usiku watu wakiwa wamelala, yakazoa nyumba, yakaua makumi ya watu wa Mai Mahiu. Nchi nzima ililia. Leo mtu anachora njia ya burudani ndani ya makorongo ya mteremko ule ule, msimu ule ule, na hana mpango wowote wa kugeuza kundi mvua ikizidi. Nilimuuliza kiongozi tungetokea wapi kama korongo lingejaa. Alinijibu, "Mvua itaisha tu."

Na bado hatujafika kwenye aibu. Tulipokuwa tunatoka, askari wa msitu akatusimamisha akaomba risiti za kiingilio. Tangazo lilisema ada zote zimejumuishwa. Hakuna kilicholipwa. Yule askari hakuwa na kosa lolote, aliongea nasi kwa heshima, alimwona majeruhi kwenye bodaboda akamruhusu apite haraka. Lakini tulisimama pale kama wezi, watu wazima, tunatuma pesa upya kila mmoja kwa simu yake mtandao uliporudi, huku kiongozi wetu ameinamisha kichwa. Misitu hii ina wenyewe. Tangu sheria ya misitu ya 2016, na hata kabla yake, jamii zinazopakana na msitu zina vyama vyao, zinapanda miche, zinalinda, zina haki ya kusikilizwa. Ukipitisha watu kwa kuiba, siku nyingine lango litafungwa, na litafungiwa hata yule kijana wa Kinoo anayekuja na baiskeli yake moja na risiti yake mfukoni.

Msitu wa Karura, hapa Nairobi, wengi wenu mnapita kila wiki. Mnajua ilivyobaki msitu? Wangari Maathai na wenzake, wakipinga msitu ule kunyakuliwa, walipigwa damu ikatoka, Januari 1999, wakienda kupanda miti pale. Leo tunaingia kwa baiskeli, tunalipa, makutano ya njia yana namba, ukipotea unasoma namba unajua uko wapi. Kuna watu waliishughulikia kazi ile. Njia ya baiskeli msituni haijitengenezi yenyewe, na mtu asiyetaka hata kulipa kiingilio asijiite mwandaaji.

Tuliporudi mjini niliandika kwenye kundi la WhatsApp la safari, kwa adabu, nikiomba warudishe pesa na wamlipie yule dada matibabu. Jibu la mwandaaji: "Kaka, changarawe ni changarawe, kuanguka ni sehemu ya raha." Nilipojibu, nikaondolewa kwenye kundi. Wiki hiyo hiyo wakaweka picha zetu za asubuhi, tukiwa bado wasafi kwenye chai, kutangaza safari nyingine.

Kuanguka ni sehemu ya raha? Agosti 2022 tulimpoteza Sule Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, alipoanguka kwenye mashindano ya changarawe kule Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33. Yule alikuwa mwendeshaji wa kweli, ameshindana kote duniani, na ni yeye na wenzake waliofanya dunia ijue kwamba Kenya ina changarawe, hadi watu wakaanza kusafiri kuja kushindana Maasai Mara mwaka 2021. Kama mtu wa uwezo ule anaweza kuondoka hivyo, wewe unayempeleka mtu wa mara ya kwanza kwenye mteremko wa tope na breki zilizokwisha usiniambie habari ya raha.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema tuache ulegevu, mbona wao walishuka Kijabe wakafika. Mlishuka mwezi gani? Mlikuwa na nani? Mimi pia nimeshuka Januari vumbi likinifunika, na ilikuwa tamu. Njia ni ile ile, ardhi si ile ile. Hata kule Ngong, ukitoka pale kwenye mitambo ya upepo kufuata mgongo wa vilima hadi Kona Baridi, kiangazi ni majani na mawe, masika ni ukungu usioona gurudumu lako, na kuna nyati. Hapo watu wanalipa na kutembea na askari, na wana sababu.

Sasa nasikia safari yao inayofuata ni Suswa. Suswa! Walioilipia, tafadhali nisikilizeni. Tambarare za kule zina udongo wa majivu ya volkano, kiangazi ni vumbi laini, na mvua ikinyesha unachimbika makorongo, hadi unabeba baiskeli begani. Kuna miiba ya migunga inayopenya tairi lolote, kwa hiyo kama tairi lako halina ile dawa ya kuziba matundu ndani, utashinda ukibandika tyubu juani. Maji ni shida. Duka ni shida. Ardhi ni ya Wamaasai, na kuna watu wa kuonana nao kabla ya kuingia na kundi. Kabla hamjatuma hela zilizobaki, waulizeni ni nani kati yao ameipita njia hiyo mwezi huu, na awaonyeshe picha za njia yenyewe, si za machweo. Waulizeni gari litasimama wapi na kama linaweza kufika mlipo. Waulizeni wameongea na nani kule. Wakianza kuzungukazunguka, daini pesa yenu papo hapo.

Na ninyi wenyewe, kwa sababu najua mnasoma hapa: nataka ada yangu irudi, na bili ya matibabu ya yule dada mlipe yote, pamoja na pesa ya bodaboda. Risiti ninazo. Picha za breki zake ninazo pia, pamoja na ujumbe wenu wa "sehemu ya raha", nilizihifadhi kabla hamjanitoa kwenye kundi. Kesi ya madai madogo inafunguliwa bila wakili, na wenzangu kadhaa wa siku ile wako tayari kutoa ushahidi. Na ondoeni picha zetu kwenye matangazo yenu leo hii.