Naomba ushauri: mtoto anajua kusoma, lakini likizoni hataki kuona kitabu

Ndugu wazazi na walimu, naomba ushauri kuhusu mwanangu wa miaka 9, anayeingia darasa la 4 likizo hii ndefu itakapokwisha. Kusoma anajua, na akisoma kwa sauti hakwami hata kwenye maneno marefu. Ila kwake kitabu ni kazi ya shule, na shule ikifungwa hukifungia kabatini pamoja na sare.

Nimempangia dakika 20 kila jioni, lakini husoma huku jicho likiwa kwenye saa, na muda ukitimia hufunga kitabu hata kama sentensi haijafika kwenye nukta. Nilipomwahidi zawadi kwa kila kitabu atakachomaliza, akaanza kuchagua vile vyembamba kuliko vyote (nilicheka, lakini ujumbe niliupata). Kinachomvuta kwa hiari yake ni vitabu vya katuni, na kimoja amekirudia mpaka jalada limechanika, akimsomea mdogo wake na kucheka palepale kila mara.

Je, nimwache na katuni hizo likizo nzima, au kuna namna ya kumvusha taratibu kuelekea hadithi zenye maandishi mengi bila kumwondolea hamu aliyonayo? Na kwa mtoto ambaye tayari anasoma mwenyewe, bado kuna faida mimi kumsomea kwa sauti, au nitakuwa ninamdekeza? Natanguliza shukrani, hasa kwa mliowahi kufundisha madarasa ya chini.