Ushauri: Namwelezaje Charles Nelson Reilly kwa watu waliomwona kwenye Match Game tu?

KonaYaJuu (mleta mada)

Wakuu, heshima zenu.

Tuna kikundi chetu cha kutazama runinga za zamani. Kila mwezi mmoja anachagua mtu, anatuwekea vipande vyake, halafu tunabishana hadi usiku. Zamu hii ni yangu na jina nimeshalitangaza: Charles Nelson Reilly, yule wa miwani mikubwa na skafu shingoni, mwigizaji wa Marekani aliyekuwa anakaa safu ya juu kona ya kulia kwenye Match Game, ule mchezo wa runinga wa miaka ya 1970 ambamo watu maarufu sita wanaandika kwenye kadi neno la kujaza pengo. Alifariki Los Angeles tarehe 25 Mei 2007, akiwa na miaka 76.

Kinachonitatiza ni hiki. Nusu ya wenzangu hawamjui kabisa. Nusu nyingine wanamjua kwa zile klipu za nusu dakika: anageuza kadi, ukumbi unalipuka, imeisha. Lakini ukimfuatilia unakuta mtu mzito. Alichukua tuzo ya Tony, ile ya jukwaa la Broadway, mwaka 1962 kwa mchezo wa How to Succeed in Business Without Really Trying, akamwongoza mwigizaji Julie Harris kwenye mchezo wa The Belle of Amherst mwaka 1976, na alifundisha uigizaji New York. Utotoni alinusurika ule moto wa sarakasi wa Hartford wa 1944.

Nianze wapi? Nikianza na Match Game naogopa watacheka mpaka muda uishe na hayo mengine yasisikike. Nikianza na Broadway naogopa watasinzia, maana picha za kuwaonyesha ni chache. Na huo moto, niutaje au niuache? Nina kama saa moja. Natanguliza shukrani.

PaziaJekundu

Karibu mkuu. Mimi ningeanza na Tony bila kusita. Mtu akishajua kwamba huyu ni mwigizaji aliyepewa tuzo kubwa kuliko zote za jukwaa la Marekani, akaja kuteuliwa tena kwa Hello, Dolly!, na mwaka 1997 akateuliwa kama mwongozaji kwa The Gin Game, hata akimwona anatania kwenye runinga atamtazama kwa jicho jingine. Ukianza na utani, umeshamweka kwenye kapu la wachekeshaji wa jioni na kumtoa humo ni kazi.

MzeeWaPengo

PaziaJekundu, kwa heshima zote nakupinga. Ukianza na tuzo unawapa watu cheti cha mtu, mwenyewe hujawapa.

Mleta mada, fanya hivi: usiweke klipu. Weka kipindi kizima, mwanzo hadi mwisho, kisha waambie wamtazame zamu yake inapofika. Gene Rayburn, mwendesha kipindi, anamsogelea na ile maikrofoni yake nyembamba kama ufito. Mshindani ameshataja jibu, anasubiri pointi. Charles hageuzi kadi. Kwanza analalamikia swali. Kisha anamgeukia Brett Somers, mwanajopo mwenzake aliye pembeni yake, na kumlaumu kwa jambo lisilohusu mchezo kabisa. Kisha anaanza kueleza kwa nini jibu lake limefikiriwa kuliko ya hao wengine watano. Rayburn anazungukazunguka, mshindani anakunja vidole, ukumbi umeshaanza kucheka na hakuna aliyeona kitu. Hapo ndipo anageuza kadi, na mara nyingi jibu ni lilelile la kawaida ambalo kila mtu alilitegemea. Limelingana, pointi imepatikana.

Kicheko chote kiko kwenye kule kuchelewesha. Huo ufundi aliuleta kutoka jukwaani, na ulikuwa unakaa kwenye kile kiti kila siku ya kazi, mchana kweupe. Hao wanaokata klipu wanafyeka mwendo wote na kubakiza kadi, ndiyo maana wenzako wanadhani alikuwa mtu wa neno moja. Ukiwaonyesha kipindi kizima, hiyo Tony utaitaja baadaye na watasema "aaah, kumbe".

SinaKing'amuzi

Samahani wakuu, mimi ni wa ile nusu isiyojua. Huo mchezo unachezwaje? Nimeona watu sita wamekaa safu mbili wanaandika, sikuelewa nani anashindana na nani.

MzeeWaPengo

Ndugu yangu, hao sita ni jopo la watu maarufu, hawashindani. Wanaoshindana ni watu wawili wa kawaida. Mwendesha kipindi anasoma sentensi ya kuchekesha yenye pengo, wanajopo wanaandika kila mmoja neno lake kwenye kadi, halafu mshindani anataja lake. Kila mwanajopo aliyelingana naye ni pointi moja. Raundi ya pili unacheza na wale tu ambao hamkulingana, kwa hiyo mwisho ni sita. Mshindi anaingia Super Match: kwanza anakisia majibu ya watazamaji, kwa dola 500, 250 au 100, halafu anachagua mwanajopo mmoja walingane ili hela izidishwe mara kumi.

Sasa elewa mtego. Mwanajopo anatakiwa amsaidie mshindani ashinde, na hapohapo awachekeshe watu. Akichekesha kupita kiasi, mtu wa watu anakosa pointi. Richard Dawson, aliyekaa katikati safu ya chini, alikuwa bingwa wa kulingana, karibu kila mtu alimchagua yeye kwenye dola 5,000. Ikafika 1978 wakaleta gurudumu la kuchagua mwanajopo kwa bahati, na mzunguko wa kwanza kabisa likaenda kusimama kwa Dawson huyohuyo! Mwaka huo huo akaondoka, alikuwa tayari anaendesha mchezo mwingine wa runinga, Family Feud, tangu 1976.

Brett alikuwa kinyume chake, majibu yake mengine hata yeye mwenyewe hakuweza kuyatetea. Charles alikuwa katikati ya hao wawili.

ShungiLaBrett

Nilijua lazima Brett atajwe, na bado mmempita haraka mno. Kaka KonaYaJuu, ukimleta Charles bila Brett umeleta nusu. Brett aliingia kwenye kipindi kwa sababu mwigizaji Jack Klugman, mumewe wakati huo, aliwaambia watayarishaji wamjaribu. Wakamkalisha pembeni ya Charles, na kwa miaka wale wawili walizozana kama watu waliooana zamani na kusahau kwa nini. Anamsahihisha, anamzomea, anamchungulia kadi. Charles alikuwa na watu wa kutania wengi, ila ukitazama vizuri, utani wake anauelekeza kwa Brett kwanza, sisi tunausikia kwa pembeni tu. Na Brett alifariki tarehe 15 Septemba 2007, hata miezi minne haikutimia baada yake.

Ushauri wangu ni kwamba utafute zile wiki za kofia za mwaka 1974. Charles alikuwa anavaa nywele za bandia, ikabidi zile za zamani ziondolewe kwa sababu alikuwa anapimiwa mpya New York, na kamera zilikuwa hazingoji. Basi akawa anakuja studio na kofia, leo hii, kesho ile. Mtu mwingine angejificha au angeomba likizo. Yeye kipara chake akakifanya mada ya kipindi, Rayburn na wenzake wakashambulia mpaka wakachoka. Kwangu mimi hakuna kipande kinachoonyesha tabia ya yule bwana kuliko hicho. Wasiomjua wataelewa ndani ya dakika tano, huhitaji maelezo.

Mdadisi_wa_Usiku

Nakubaliana na kipindi kizima, ila chagua kwa macho. Baadhi ya yale maswali yamezeeka vibaya. "Dumb Dora" ni mwanamke mjinga, utani ukaanzia hapo na kuishia hapo, na yapo mengine ya aina hiyo. Ukiwawekea watu wa leo kipindi cha kwanza unachokutana nacho, utatumia saa yako nzima kuomba radhi kwa niaba ya mwaka 1975.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Vipindi vingi vilirekodiwa kwa mkupuo ndani ya wikiendi moja pale CBS Television City, na katikati kulikuwa na mapumziko ya chakula cha jioni ambapo kinywaji hakikukosekana. Wanajopo wenyewe walilisimulia hilo bila aibu. Vile vilivyorekodiwa baada ya mlo utavitambua tu, watu wamelegea, sauti zimepanda. Vinachekesha kweli, lakini Charles anameremeta zaidi kwenye vile vya mapema, wengine wakiwa bado wametulia na yeye ndiye anayewachokoza.

PaziaJekundu

Sawa, MzeeWaPengo amenisogeza kidogo kuhusu kuanza. Ila msimwambie mleta mada kwamba jukwaani hakuna picha. Ipo The Life of Reilly! Ni filamu ya mwaka 2006, yeye peke yake mbele ya watu, anasimulia maisha yake kutoka kwenye onyesho lake la Save It for the Stage. Jina hilo ni maneno ya mama yake, akiwa mtoto, kila akitaka kueleza jambo nyumbani anaambiwa aliweke la jukwaani. Baba yake alikuwa mchoraji, akapata nafasi ya kwenda California kufanya kazi na Walt Disney, mama akakataa. Anayasimulia haya watu wanacheka, halafu kicheko kinakauka, halafu anawachekesha tena. Ni uleule ucheleweshaji alioutaja Mzee, safari hii hana kadi mkononi.

Na humo ndipo unapata jibu la swali lako la moto. Anausimulia mwenyewe. Alikuwa na miaka 13, tarehe 6 Julai 1944, hema la sarakasi la Ringling Bros. and Barnum & Bailey likashika moto, watu zaidi ya 160 wakafa. Baada ya hapo kukaa katikati ya watazamaji kulimshinda, akawa anakwepa kumbi hata za watu aliowapenda. Usilianze wewe kwa maneno yako. Mwachie alitamke yeye, ukibonyeza tu.

ShungiLaBrett

Hilo la moto mimi ningeliweka mwishoni kabisa au nisingeliweka. Ukilitanguliza, kila akicheka kwenye Match Game watu watamtafutia huzuni usoni. Kuna ugonjwa siku hizi wa kutafuta machozi nyuma ya kila mchekeshaji. Bwana yule alikuwa anafurahia kazi yake, mwacheni afurahie.

Mdadisi_wa_Usiku

ShungiLaBrett nakuunga mkono, ila kuna kisa kingine kwenye filamu hiyohiyo ambacho kinahusu runinga moja kwa moja na hakipaswi kukosekana. Alipokuwa kijana anatafuta kazi, mkubwa mmoja wa kituo cha runinga alimwambia usoni kwamba watu mashoga hawaruhusiwi kwenye runinga. Mkutano ukaishia hapo. Miaka baadaye akawa anachukua jarida la ratiba za runinga na kuhesabu wiki hiyo ataonekana mara ngapi. Match Game mchana, Match Game ya usiku, kwa Johnny Carson kwenye The Tonight Show ambako alialikwa zaidi ya mara 90, marudio ya The Ghost and Mrs. Muir, Lidsville ya watoto.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mashindano ya runinga yalimshusha hadhi mwigizaji wa Tony, mwekee kisa hicho. Ile kona ya juu ilikuwa ni mlango aliofungiwa, akaukalia. Na hata mwenzake wa maisha walikutana nyuma ya pazia la kipindi kingine cha mashindano, Battlestars, ambako jamaa alikuwa akishughulikia mapambo ya jukwaa.

KonaYaJuu (mleta mada)

Wakuu mmenifungua. Kwa jinsi nilivyowaelewa: kipindi kizima kwanza, cha wiki za kofia nikikipata, chenye Brett na Dawson wote. Kisha kisa cha yule mkubwa wa runinga kutoka The Life of Reilly. Tony nitaitaja kwa sentensi moja katikati, PaziaJekundu unisamehe. Moto nitaubeba mfukoni, wakiuliza nitabonyeza.

Swali la mwisho. Kuna toleo la 1990 la Match Game, lile lililoendeshwa na Ross Shafer, na Charles alirudi humo. Nalo niliweke?

MzeeWaPengo

Dakika chache tu, tena kama muda umebaki. Yeye bado yuko vizuri, kwenye ucheleweshaji hajapoteza kitu. Ila Rayburn hayupo, na Charles alihitaji mtu wa kumchosha. Shafer anamheshimu mno.

ShungiLaBrett

Ukiliweka, tafuta wiki ambayo Brett alialikwa. Alikuja mara kadhaa.

SinaKing'amuzi

Vipindi vyenyewe vinapatikana wapi? Nimeshikwa na hamu.

Mdadisi_wa_Usiku

Buzzr, ile chaneli ya Marekani ya mashindano ya zamani, imekuwa ikivirudia, na vizima vimejaa YouTube. Tafuta kwa jina la mwaka, maana kipindi kilibadilisha jina kila Januari: Match Game '74, '75, mpaka '79. Ukiona kichwa kinasema "vichekesho bora", kiruke.