Sebule na jiko juu, vyumba vya kulala chini: naombeni ushauri kabla fundi hajarudi

Upepo wa Raskazone
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga, najenga ghorofa moja Raskazone. Ramani yangu imegeuza mambo: vyumba vitatu na vyoo viko chini, sebule, jiko na meza ya chakula juu. Chini ukuta wa jirani umeziba kila kitu, ila ukipanda juu unaiona bahari hadi meli zinazosubiri kuingia bandarini. Mnaoishi nyumba za namna hii, faida na hasara zake ni zipi? Fundi anarudi Jumatatu na usingizi sina.

Fundi Zege
Inajengeka. Kipindi cha kaskazi jua likipiga bati kutwa, chumba cha juu kinabaki na joto hadi saa nne, saa tano usiku. Kulala chini kuna nafuu. Sebule ya juu iwekee madirisha yanayotazamana, upepo upate pa kuingia na pa kutokea. Tangi la maji likae juu kabisa ya usawa wa sinki, la sivyo bomba litadondosha matone. Na bomba la maji machafu ya jiko lisipite juu ya chumba cha kulala, likivuja linavujia kitandani. Umefikia hatua gani?

Mama Mapacha
Mtungi wa gesi atapandisha nani? Nimepanga ghorofani Chumbageni miaka minne. Mtungi wa kilo 15, ukijumlisha na chuma chake, ni kama kilo 30. Bado viazi, bado ndoo za maji siku bomba likikauka, bado magamba ya samaki ambayo hayalali ndani. Halafu mtu anapiga hodi chini, wewe uko juu na unga wa chapati mikononi. Ukifika mlangoni keshaondoka, na jioni mtaa mzima unajua una dharau.

Mzee wa Barabara ya Nane
Wanangu, kuishi juu hakukuanza leo. Majengo ya zamani mjini hapa yalikuwa duka chini, familia juu na roshani yake. Lakini chini palikuwa pa biashara. Kwako mgeni atakatiza milango ya vyumba ndipo afike sebuleni. Binti katoka kuoga na kanga moja, uso kwa uso na rafiki wa babake! Marehemu mke wangu alinikataza hata fundi redio asivuke ukumbi, nikamtengenezea meza barazani, na pale pale barazani ndipo tulipoposewa mabinti wote watatu.

Upepo wa Raskazone
Shikamoo mzee. Hilo nimeliona, ngazi itapanda kwa nje, ubavuni.

Fundi Zege
Sijajibiwa. Hatua gani?

Upepo wa Raskazone
Slabu tumemwaga wiki mbili zilizopita. Mabomba ya jiko yameshapandishwa.

Fundi Zege
Kumbe ushauri unautaka baada ya zege!

Bint Mwambani
Mtakaa nani na nani humo?

Upepo wa Raskazone
Mimi, mke wangu, watoto wawili. Na mama.

Bint Mwambani
Mama anapanda ngazi?

Upepo wa Raskazone
Ana miaka 71. Mwaka jana alipata kiharusi, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Ndiyo sababu vyumba viko chini, choo kiwe karibu naye. Msinihukumu. Dada wa kazi atakuwa naye muda wote, na jioni nitambeba mimi.

Mama Mapacha
Mnakula juu, mnaangalia taarifa ya habari juu, wajukuu wanacheza juu. Yeye anawasikia nyayo tu darini.

Fundi Zege
Kwenda juu mita 3 ni vidato kama 18. Siku umesafiri atabebwa na nani?

Ukweli Mchungu
Wakuu, hii ni chai. Jamaa huyu huyu mwezi wa tatu alifungua uzi akiuliza bei ya tofali Pongwe. Pongwe na bahari wapi na wapi? Mara meli, mara mama mgonjwa. Weka picha ya slabu.

Nazi Kavu
Chai yenyewe ina iliki. Picha!

Upepo wa Raskazone
Kiwanja cha Pongwe nimekiuza ili nijenge hiki cha urithi. Picha hiyo hapo, mirunda bado imeshikilia slabu. Anayeonekana chini ya mwembe ni mama, uso nimeuficha. Nilimleta juzi aone. Nikamwonyesha pa sebule, akatazama juu, akaniuliza, "Na mimi mchana nitakaa wapi?" Sikuwa na jibu. Ndiyo nikaja hapa.

Ukweli Mchungu
Samahani mkuu. Mpe pole mama.

Fundi Zege
Ukuta usibomoe, huenda umebeba slabu. Badilisha matumizi tu: chumba cha mbele kiwe sebule ndogo, chumba cha watoto kiende juu. Milango anayopita mama iwe sm 90. Mbele jenga baraza lenye mteremko, kila sm 1 ya kwenda juu mpe sm 12 za kwenda mbele. Jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini, limeinuka kiasi gani?

Upepo wa Raskazone
Sm 60, kwa sababu ya maji ya masika.

Fundi Zege
Unataka mita 7 na sm 20.

Upepo wa Raskazone
Hadi geti kuna mita 5. Na jiko la juu silitoi, sinki nimeshalilipia.

Fundi Zege
Jiko libaki. Mteremko ukunje, katikati uweke kituo cha mita 1 na nusu, kiti kigeuke.

Mama Mapacha
Na kwenye kona hiyo mwembe usiukate.

Upepo wa Raskazone
Fundi alikuwa ameuwekea alama ya kukatwa. Nampigia sasa hivi.