Tupeane uzoefu: siku Python ilipokuletea moduli isiyo yenyewe

Kitasa: Wakuu, leo nimemwona kijana anahangaika na ModuleNotFoundError: Python, lugha ya programu, haioni moduli (faili la kodi, yaani code, ambalo programu inaliingiza kwa `import`), na pip, kifaa cha kusakinisha moduli, inamwambia ipo tayari. Nimekumbuka mbali. Yamemkuta nani mwingine? Tiririkeni.

Zamu ya Usiku: Mkuu umenitonesha kidonda. Tulikuwa na programu ya ripoti, kila usiku inajiendesha kwenye seva, haijawahi kusumbua. Usiku mmoja ikaanza kutema AttributeError, eti `random`, moduli ya Python yenyewe ya namba za bahati nasibu, haina `randint`. Tukafuta Python, tukaiweka upya, wapi! Tukarudisha kodi ya wiki iliyopita, wapi! Kwenye kompyuta zetu inakubali, seva inagoma, mteja anapiga simu mfululizo, bosi kasimama nyuma ya viti vyetu hasemi kitu. Kunakaribia kucha, mwenzetu mmoja akaandika `print(random.__file__)`. Ikatoka njia ya folda yetu wenyewe! Kuna mtu aliacha `random.py` ya majaribio kando ya skripti kuu, na hakuiingiza kwenye git, tunakotunza historia ya kodi, ndiyo maana kurudisha kodi hakukugusa kitu. Folda ya skripti ndiyo inayotangulia kwenye `sys.path`, orodha ya folda ambamo Python inatafuta moduli. Python ikiliona jina hapo, maktaba yake yenyewe haiifikii tena.

Tundu: Mimi ilikuwa `email.py`. Vilevile kabisa.

Bawaba: Nyongeza. Kabla ya `sys.path` inaangalia `sys.modules`, orodha ya moduli zilizokwisha kupakiwa, kisha moduli zilizojengwa ndani ya Python. Ndiyo maana faili lako ukiliita `sys.py` halisomwi kamwe.

Zamu ya Usiku: Bawaba, watu tunasimulia machungu, wewe unatutungia mtihani.

Bawaba: Nisiposema, mtu atafuta hiyo `random.py` huku Python yake iko wazi, aandike `import` tena, apate ileile ya zamani, halafu aseme kompyuta imerogwa.

Dirisha: Wekeni PYTHONPATH, folda za ziada za kutafutia moduli, kwenye `.bashrc`, faili linalosomwa kila ukifungua terminal, mlale usingizi.

Kitasa: Msimsikilize! Hiyo inaingia kwenye kila mradi, mpaka usioutaka. Kila mradi na `venv` yake, yaani mazingira ya Python ya pekee, na pip iiteni kwa `python -m pip`, ili moduli iende kwenye Python ileile mnayoitumia. Yule kijana shida yake ilikuwa hiyo: pip ya Python nyingine.

Dirisha: Mimi PYTHONPATH haijawahi kuniangusha.

Tundu: Tangu Python 3.11 kuna `-P` ya kuongeza kwenye amri ya `python`, folda ya skripti haiwekwi mbele.

Bawaba: Na mafaili yako mengine ya folda hiyo nayo hayataonekana. Angalieni.

Sega: 3.13 imenifurahisha: kwa kosa kama la Zamu inakutajia faili lenyewe na kukushauri ulibadilishe jina. Zamu, mwenye faili mlimpata?

Zamu ya Usiku: Hatukumtafuta. Programu sasa inaandika kwenye logi `__file__` ya kila moduli muhimu ikiwaka. Tukio likitokea tunaanzia hapo.

Mgeni2: Wakuu, yangu ni moduli mbili zinaingizana, moja inalalamika nyingine haijamaliza kupakiwa. Nianze wapi?