Skani ya mifupa imetoka safi lakini mtaalamu anasema ni CRPS (maumivu makali ya kiungo yasiyoisha baada ya jeraha), tumwamini nani?

DadaMkubwa: Habari wadau, naombeni msaada. Mdogo wangu alivunjika kifundo cha mkono akafungwa POP, mfupa ukaunga vizuri tu kwenye eksirei, ila tangu POP itolewe mkono haujawahi kutulia. Unawaka moto, shuka likigusa tu anapiga kelele, kuna saa unakuwa mwekundu na wa moto kuna saa unakuwa wa bluu na wa baridi, umevimba, unatoa jasho kuliko mwenzake na vidole havikunji. Daktari wa kwanza alishuku CRPS akamwandikia skani ya mifupa, ile ya kudungwa dawa yenye mionzi. Sasa kupata nafasi kukachelewa, imekuja kufanyika nusu mwaka umeshapita tangu aumie, majibu yakasema hakuna kinachoashiria CRPS, akaambiwa basi hana, labda ni mawazo. Mtaalamu wa maumivu kamkagua kwa macho na mikono tu akasema hii ni CRPS. Tushike lipi?

FizioWaMikono: Pole sana dada, mpe pole na mgonjwa. Shikeni la aliyemkagua. CRPS inatambuliwa kwa dalili, hakuna kipimo kimoja cha kusema unayo au huna, si damu, si eksirei, si MRI wala hiyo skani. Kinachotumika ni vigezo vya Budapest, ndio mji ambao wataalamu walikutana mwaka 2003 wakavijadili. Wanaangalia makundi manne: hisia (kama hilo shuka linaloumiza), rangi na joto la ngozi, jasho na uvimbe, halafu mwendo wa kiungo pamoja na mabadiliko ya kucha, nywele na ngozi. Mgonjwa awe anasimulia dalili kwenye makundi angalau matatu, na daktari azione mwenyewe kwenye angalau mawili siku ya kumkagua, maumivu yawe yamezidi jeraha lenyewe na kusiwe na ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo vizuri zaidi. Skani haimo. Na ukisoma ulichoandika hapo juu umeyagusa yote manne bila kujua. Hilo la kuambiwa ni mawazo limeniuma sana, mtu mwenye mkono umevimba na umebadilika rangi anaambiwaje hivyo jamani.

PichaZaNyuklia: Mimi niko upande wa hizi skani, ngoja nieleze kidogo. Anadungwa teknetiamu-99m iliyoshikizwa kwenye kemikali inayokimbilia mfupa, halafu inapigwa picha mara tatu, ya kwanza hapohapo damu inapoingia, ya pili baada ya dakika chache kuona damu iliyotuama kwenye nyama, ya tatu baada ya saa 2 mpaka 4 mfupa ukishainyonya. Ya tatu ndiyo tunayoitegemea zaidi kwenye CRPS, unakuta viungo vyote vya mkono kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole vinang'aa kuliko upande wa pili. Ikiwaka sehemu moja tu tunawaza vingine, mvunjiko haujaunga au kuna maambukizi, na kwangu mimi hapo ndipo skani inasaidia kweli. Ila muda ni kila kitu, inaonyesha vizuri zaidi miezi mitano sita ya mwanzo, baada ya hapo mara nyingi picha zinarudi kawaida wakati mtu bado anateseka. Watoto ndio kabisa, wao mara nyingi kiungo kinaonekana kimefifia badala ya kung'aa. Kwa hiyo skani safi ya kuchelewa namna hiyo haiondoi CRPS. Na hata ikiwaka si ushahidi tosha peke yake, maana kiungo kilichotoka kuvunjika au kilicholazwa muda mrefu nacho kinabadilika kwenye picha.

BadoNapambana: Yangu ilifanywa mapema ikawaka mkono mzima, na ukweli ni kwamba ilichobadilisha ni watu kuanza kuniamini, matibabu yalibaki yaleyale, fizio, mazoezi ya kioo (unachezesha mkono usiouma huku ukiutazama kwenye kioo kama vile ndio unaouma) na dawa za maumivu ya neva. Inasikitisha kwamba mgonjwa ahitaji picha ndio asikilizwe. Dada usikubali mkono ukae umefichwa kwenye kitambaa mkisubiri kipimo kingine, aanze kuutumia polepole na mtu wa fizio anayeijua CRPS, asilazimishwe kwa nguvu lakini asiuache ulale.

DadaMkubwa: Asanteni sana, nimemsomea yote amelia, nadhani ni kusikia tu kwamba anaaminika. Yule daktari aliyemwambia hana CRPS anataka skani irudiwe, na mdogo wangu ananyonyesha. Irudiwe kweli?

PichaZaNyuklia: Muulizeni anatafuta nini. Kama ni kuthibitisha CRPS sioni faida, muda wake umepita. Kama mtaalamu wa maumivu naye ana wasiwasi na maambukizi au mfupa haujakaa sawa, hapo sawa irudiwe na kwenye fomu waandike hivyo, msomaji wa picha ajue anatafuta nini. Kuhusu mtoto, nguvu ya hiyo dawa inapungua nusu kila saa 6 kwa hiyo haikai sana mwilini, lakini lazima aseme ananyonyesha KABLA ya kudungwa, wao watampa utaratibu wa kunyonyesha na wa kumbeba mtoto siku hiyo.