Naomba ushauri: grainda inakatisha RCD ikiwashwa

Wakuu, naomba ushauri. Grainda ya bodi ya chuma, plagi ya pini tatu, ikiwashwa tu RCD (swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja) ya 30 mA inakata. Soketi ni nzima. Waya wa ethi, kutoka pini hadi bodi, unasoma omu 0.2. Kwa mega (kipimo cha insulesheni) ya volti 500, swichi ikiwa imewashwa, laini na nyutro pamoja dhidi ya bodi zinasoma kilo-omu 5 tu, yaani uvujaji wa karibu 46 mA kwenye volti 230. Brashi zikitolewa, koili za nje zinasoma safi. Nashuku vumbi la kaboni kwenye vishikio vya brashi. Kusafisha na kukausha kutatosha, au rota (koili inayozunguka) ndiyo imeungua? Kabla ya kuifungua ninyi hupima wapi? Ushauri wa kukata ethi sitaki: RCD itatulia mpaka mtu aishike hiyo bodi.